Beni na Butembo: jinsi wajitolea wa Msalaba Mwekundu walivyobadilisha kazi yao wakati wa Ebola na Corona

Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Wagonjwa wa kwanza walijulikana Mangina, katika eneo la afya la Mabalako, kilomita kama 30 magharibi mwa mji wa Beni. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu nchi isherehekee mwisho wa Ebola nyingine, ile ya jimbo la Équateur. Hii ya Mangina ilikuwa ya kumi tangu ugonjwa huo ujulikane Yambuku mwaka 1976, na ilikuwa ya kwanza kufika kwa Wanande.

Leo, mtu akitaja wakati ule mjini Beni au Butembo, wengi wanakumbuka magari makubwa yenye bendera za mashirika, dola, na neno Riposte, jina lililopewa kazi yote ya kupambana na ugonjwa. Wachache wanakumbuka vijana na akina mama wa Msalaba Mwekundu wa mitaani, ambao walikuwepo kabla ya magari hayo kufika na ambao walibaki yalipoondoka. Historia yao inafaa kuandikwa, kwa sababu kazi waliyopewa ilikuwa ngumu kuliko zote: kuzika watu wa mji wao wenyewe, huku mji wenyewe haukubali.

Kabla ya Ebola

Msalaba Mwekundu haukuja Beni na Ebola. Katika miji hii, kama kwingine nchini, ni kundi la watu wa kawaida wenye kujitolea: walimu, wanafunzi, mafundi, wauza soko, akina mama wa parokia. Kazi yao ya zamani ilikuwa huduma ya kwanza, usafi wa visima na masoko, kuwasaidia wakimbizi wa vita na kutafutia watoto waliopotea jamaa zao.

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 kazi nyingine iliongezeka. Mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni, ambayo serikali na Umoja wa Mataifa wanayaweka hasa mikononi mwa waasi wa ADF, wajitolea hao ndio waliokwenda kuokota maiti shambani na vijijini, kuzifunga na kuzileta zizikwe. Zaidi ya watu 1,000 walikuwa wameuawa kabla hata Ebola haijafika. Kwa hiyo watu wa Beni waliwajua. Walipoona fulana yenye msalaba, walijua ni mtoto wa nani, anakaa kata gani.

Tena Butembo na Beni ni miji yenye mazoea ya kujisaidia. Kwa miaka mingi ambapo serikali ya Kinshasa ilikuwa mbali na baadaye vita vikakata nchi vipande, wafanyabiashara wa Butembo pamoja na Kanisa walichanga pesa kutengeneza barabara na kujenga mji. Chuo Kikuu cha Graben kilizaliwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko katika moyo huo huo. Mnande amezoea kusema: kama hatutajifanyia wenyewe, nani atatufanyia? Mazoea hayo yalikuwa na nguvu yake, na yalikuwa na upande wa pili: mgeni anayekuja na amri hasikilizwi haraka.

Maiti inayoambukiza

Ebola ina jambo moja ambalo kila mtu alipaswa kulielewa upesi. Mgonjwa hazidi kuambukiza pale anapozungumza au anapotembea. Anaambukiza zaidi pale anapoelekea kufa, na maiti yake inaambukiza kuliko hata alipokuwa hai. Damu, matapishi na jasho la maiti vimejaa virusi. Yule anayeiosha, anayeivalisha, anayelala juu yake akilia, ndiye anayefuata.

Lakini hayo ndiyo mambo yenyewe ambayo jamaa hufanya. Kwetu, mtu akifa anaoshwa na watu wake. Anavalishwa nguo yake nzuri. Kilio kinafanywa nyumbani, majirani wanalala nje siku kadhaa, kwaya ya kanisa inaimba, na wakubwa wa ukoo wanasema maneno yao kabla sanduku halijafungwa. Kuzika mtu bila hayo ni kumtupa.

Hapo ndipo wajitolea waliposimamishwa katikati. Walifundishwa kazi iliyoitwa mazishi salama na yenye heshima. Simu ya taarifa ikiingia kwamba kuna mtu amekufa, kikosi cha watu kama wanane kinapanda gari. Wengine wanabeba, mmoja anachanganya maji ya klori na kunyunyizia, mmoja anachukua kipimo kinywani mwa marehemu, na mmoja kazi yake ni kuzungumza tu. Maiti inatiwa ndani ya mfuko, kisha ndani ya sanduku. Nyumba inapulizwa dawa, godoro na matandiko vinachomwa moto. Na ugonjwa ulipokuwa umepamba, haikuwa kwa wale tu waliojulikana kuwa na Ebola: kila aliyekufa katika maeneo yenye ugonjwa, hata kwa malaria, hata kwa uzee, alipaswa kupimwa na kuzikwa hivyo.

Fikiria familia iliyofiwa na babu yao wa miaka 80, ambaye kila mtu anajua alikuwa mgonjwa wa moyo tangu zamani, na ghafla gari linafika na watu waliovaa nguo za mpira, miwani na glavu, ambao uso wao hauonekani. Hasira ilikuwa lazima.

Mwezi wa 10 mwaka 2018

Hasira ilifika haraka. Tarehe 22 mwezi wa 9 mwaka 2018, waasi waliingia ndani kabisa ya mji wa Beni na kuua watu. Mashirika ya kiraia yalitangaza siku za mji kufungwa, na kazi ya Ebola ikasimama. Swali lililozunguka kila kata lilikuwa moja: kwa nini ulimwengu unakuja mbio kwa ugonjwa ulioanza jana, wakati panga limetumaliza miaka minne na hakuna aliyekuja?

Siku kumi baadaye, tarehe 2 mwezi wa 10, kikosi cha Msalaba Mwekundu kilishambuliwa Butembo kikiwa katika kazi ya mazishi. Wajitolea wawili walijeruhiwa vibaya. Hawakuwa wageni. Walipigwa na watu wa mji wao.

Kisha siasa ikamwaga petroli. Tarehe 26 mwezi wa 12 tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba uchaguzi wa rais wa tarehe 30 hautafanyika Beni wala Butembo. Sababu zilizotolewa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Watu walijibu: tunaruhusiwa kujaa sokoni, kujaa kanisani, kujaa shuleni, lakini kupiga kura tu ndiko kunaleta Ebola? Kesho yake kituo kimoja cha wagonjwa Beni kilivamiwa na waandamanaji. Tarehe 30 wakaaji wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe, wakanawa mikono mlangoni na kupiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Tangu siku ile, kwa wengi, Ebola ikawa kitu cha kisiasa. Na aliyekuja kuzika akawa mtu wa siasa.

Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto katika siku chache, tarehe 24 na tarehe 27. Tarehe 19 mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Butembo na Katwa zikawa kitovu cha ugonjwa.

Walichobadilisha

Ni katika miezi hiyo mibaya ndipo wajitolea walipobadilisha namna ya kufanya kazi. Mabadiliko hayakuanzia Geneva. Yalianzia kwenye malalamiko ya mitaani.

La kwanza lilikuwa dogo sana: wasifike wamevaa. Kikosi kifike kwa nguo za kawaida, kisalimie, kiketi, kitoe pole, kiseme jina la kila mmoja. Mzungumzaji akubaliane na familia kuhusu kila kitu: nani ataomba, marehemu atawekewa nguo gani, kaburi litachimbwa wapi. Baada ya hapo ndipo wavae mbele ya macho ya watu, mmoja mmoja, ili kila mtu aone kwamba ndani ya nguo hiyo kuna jirani na si mzimu.

La pili lilikuwa kusikiliza na kuandika. Wajitolea walipopita nyumba kwa nyumba, walikuwa na kazi ya kuandika kila swali, kila uvumi, kila tusi. Maneno hayo yalikusanywa kila wiki, yakapangwa na kupelekwa kwa wakubwa wa Riposte. Watu walisema nini? Kwamba mifuko inajazwa mawe. Kwamba viungo vya maiti vinauzwa. Kwamba anayeingia kituoni hatoki. Maneno hayo mwanzoni yalichukuliwa kama ujinga. Lakini ukiyasikiliza vizuri, yote yana ombi moja ndani yake: tuonyesheni mtu wetu.

Na jibu lilipatikana. Mfuko mweupe usioonyesha kitu uliongezewa mfuko unaoonyesha, ili familia iweze kuona uso wa marehemu kwa mara ya mwisho na kuhakikisha kwamba ni wao wanaomzika. Katika vituo vya matibabu pia jambo kama hilo lilifanyika: Beni ilikuwa na vyumba vya plastiki angavu vilivyoletwa na shirika la ALIMA, ambamo mgonjwa aliweza kuonana na mama yake na kuzungumza naye bila kugusana. Kitambaa cha plastiki kinachopitisha macho kilituliza watu kuliko mahubiri mengi.

La tatu lilikuwa gumu zaidi kukubaliwa: kuachia kazi. Kulikuwa na vijiji na kata ambazo kikosi hakikuweza kuingia kabisa, kwa sababu ya wanamgambo au kwa sababu watu wamekataa. Zamani jibu lilikuwa kwenda na polisi. Mazishi yenye bunduki pembeni yalizaa chuki mpya kila mara, na usiku watu walificha maiti au kuzika kwa siri. Basi wajitolea wakaanza kufundisha watu wa mahali penyewe, hata jamaa wa marehemu, na kuwaachia glavu, mifuko na klori ili wazike wenyewe kwa hatari ndogo iwezekanavyo. Haikuwa salama asilimia mia moja. Lakini ilikuwa salama kuliko maiti iliyooshwa usiku kwa mikono mitupu.

Kando yao, waliopona Ebola nao waliingia kazini. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, akina mama waliopona waliwalea watoto wachanga ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa au wamekufa, katika nyumba za watoto zilizofunguliwa karibu na vituo vya Beni na Butembo kwa msaada wa UNICEF. Mama ambaye majirani walimkimbia mwezi uliopita alionekana sasa amembeba mtoto wa mwingine.

Pesa na heshima

Haitakuwa historia ya kweli kama pesa haitatajwa. Riposte ilileta pesa ambazo miji hii haijawahi kuona. Nyumba zilipanda bei, magari yalikodiwa kwa dola, na vijana wengi walipata kazi ya kwanza maishani. Watu wakaiita biashara ya Ebola. Wengine walishuku kwamba wanaolipwa kwa ugonjwa hawatataka uishe, na kwamba kazi zinagawiwa kwa ndugu na marafiki. Surua, ambayo mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi nzima, wengi wao watoto, haikupata hata sehemu ya msaada ule.

Kulikuwa na mabaya zaidi. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba wanawake wa Beni walidaiwa ngono na wanaume wa mashirika ili wapewe kazi, na mwezi wa 9 mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilithibitisha madai hayo, ikiwataja wafanyakazi wa shirika hilo lenyewe miongoni mwa washukiwa.

Mjitolea wa mtaani alikuwa wapi katika hayo? Alipata posho ya siku, na kwa posho hiyo aliitwa mla pesa ya maiti. Wengi walificha fulana zao ndani ya mfuko mpaka wafike kazini. Kuna waliohama nyumba kwa sababu mwenye nyumba aliogopa. Kwa kundi lililozaliwa kwa kujitolea, tusi hilo liliuma kuliko jiwe. Swali lililobaki kwao lilikuwa hili: mtu anayelipwa kumsaidia jirani, bado ni jirani?

Corona inaingia kabla Ebola haijatoka

Chanjo, iliyoanza kutolewa Mangina tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2018, ilikuwa imefikia watu zaidi ya 300,000 mpaka mwisho. Dawa nazo zilipatikana hapa hapa, katika utafiti uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha: mwezi wa 8 mwaka 2019 ilitangazwa kwamba dawa mbili kati ya nne zinaokoa watu wengi zaidi, na moja kati ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwepo Yambuku mwaka 1976, alikuwa sasa ndiye kiongozi wa Riposte.

Tarehe 3 mwezi wa 3 mwaka 2020, mgonjwa wa mwisho alitoka kituoni Beni. Hesabu ya siku 42 ikaanza. Wiki moja baadaye, tarehe 10, Kinshasa ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Corona. Kisha tarehe 10 mwezi wa 4, siku mbili tu kabla ya sherehe ya mwisho wa Ebola, mgonjwa mpya wa Ebola akapatikana Beni. Magonjwa mawili yakawa mlangoni kwa pamoja.

Amri za serikali za mwezi wa 3 zilifunga shule na makanisa, zikakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na zikakataza kilio nyumbani na ukumbini: maiti ipelekwe moja kwa moja kaburini, na watu wachache. Kinshasa ililia kwa amri hiyo. Beni na Butembo walishaijua. Ndoo yenye robineti na maji ya klori ilikuwa mlangoni mwa duka na ofisi tangu mwaka 2018. Watu walishazoea kusalimiana kwa kiwiko au kwa kutikisa kichwa tu.

Lakini mazoea hayo yalikuwa na hila ndani yake. Ebola ilifundisha: usimguse mgonjwa, na asiye na homa si hatari. Corona inapita kwa pumzi, na asiyeonekana mgonjwa anaweza kuambukiza. Wajitolea walilazimika kufundisha upya waliyoyafundisha jana. Walipita masokoni na kwenye vituo vya pikipiki kueleza barakoa, zile zinazoitwa cache-nez, ambazo washonaji wa mtaani walikuwa wanazishona kwa vitambaa. Walitumia redio za mji zaidi kuliko mikutano. Na waliulizwa mara elfu: hii nayo italeta magari mangapi?

Kutokuamini kulikuwa kukubwa. Watu walikuwa wamechoka, na waliona wachache wakifa kwa Corona. Chanjo zilipofika Kinshasa mwezi wa 3 mwaka 2021, dozi milioni 1.7, nchi ilirudisha milioni 1.3 ili zipelekwe kwingine kabla hazijaharibika.

Yaliyobaki

Tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 mwisho wa Ebola ya kumi ulitangazwa. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaouguza. Magari yaliondoka, posho zikakatika.

Ebola ilirudi mwezi wa 2 mwaka 2021, katika eneo la Biena na Butembo. Safari hii hakukuwa na jeshi la wageni. Watu waliofanya kazi ni wale wale wa mji, waliojua klori inapimwaje na mama mwenye msiba anaongeleshwaje. Wagonjwa walikuwa 12, na miezi mitatu ilitosha. Mwezi wa 10 mwaka ule ule ikarudi Butsili, kata ya Beni: wagonjwa 11, na kabla ya Noeli ikawa imekwisha. Mwaka 2022 ikaonekana tena Beni, mgonjwa mmoja tu.

Tofauti kati ya watu 3,470 na mtu mmoja ina sababu nyingi: chanjo, dawa, maabara zilizobaki. Lakini moja ya sababu hizo haina bei sokoni. Ni kwamba katika kila kata kuna mtu anayeweza kubisha mlango wa nyumba yenye kifo, aseme jina lake, na afunguliwe. Heshima hiyo iliharibiwa karibu kabisa mwaka 2018, na ilitengenezwa tena mazishi kwa mazishi.

Mauaji bado hayajaisha katika eneo la Beni. Wajitolea bado wanaitwa kuokota maiti, kama walivyoitwa mwaka 2014, bila posho na mara nyingi bila gari. Mlango ukifunguliwa, wanaanza kwa kutoa pole.